Fundi Spika Anajibu: Twita Imekufa Tena, Na Hii Ni Ya Tatu

Barua za safari hii nyingi zinahusu kitu kimoja, spika imeharibika, ikatengenezwa, ikaharibika tena vilevile. Naomba kabla hujaniandikia ufanye mambo mawili tu, pima na mita uniambie imesoma ngapi, na ile sehemu iliyoungua usiitupe, iweke kwenye mfuko uitunze. Sehemu iliyokufa ndiyo inayosema imekufaje, na bila hiyo mimi nabaki kubahatisha na wewe unabaki kununua.

SWALI: Shikamoo fundi. Nina spika mbili za njia mbili, wufa ya inchi 15 chini (ile kubwa ya besi) na honi juu (ndimo inamokaa twita, ile ndogo ya sauti kali), natumia amplifaya ya nje. Upande wa kushoto twita inakufa kila mara, nimeshabadilisha diaframu (kile kikombe chake chembamba kinachotikisika, pamoja na koili) tatu ndani ya mwaka mmoja. Ya kwanza ilikaa miezi minne, ya pili miwili, hii ya tatu wikiendi mbili tu. Upande wa kulia haijawahi kufa hata siku moja. Niziuze au nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Usiuze bwana, na wala usinunue ya nne kwanza. Umesema neno moja la maana sana, kwamba ni upande wa kushoto tu. Kama tatizo lingekuwa unapiga kwa nguvu kupita kiasi pande zote mbili zingekuwa zinaungua, maana muziki ni uleule. Kwa hiyo kuna kitu kwenye njia ya kushoto, na njia yenyewe ni fupi: chaneli ya amplifaya, waya, krosova (ile bodi ya ndani inayogawa sauti nzito kwa wufa na kali kwa twita), basi.

Chukua ile diaframu iliyokufa uiweke mezani chini ya taa kali, itazame koili yake, ule waya mwembamba uliozungushwa pembeni. Kama umekuwa mweusi au kahawia pande zote na ukinusa una harufu ya vanishi iliyoungua, hiyo imekufa kwa joto, yaani umeme mwingi umepita kwa muda mrefu. Kama koili bado inang'aa rangi yake lakini ule mkia unaotoka kwenye koili kwenda kwenye terminali umekatika, au kile kikombe chenyewe cha titani kimepasuka nyufa nyufa kama ganda la yai, hiyo imekufa kwa kutikiswa mbali kuliko ilivyotengenezwa, na kinachotikisa twita namna hiyo ni sauti nzito kuingia mahali ambapo haikutakiwa kuingia. Hivi ni vifo viwili tofauti na dawa zake ni tofauti.

Wewe kwa jinsi zinavyokufa haraka na upande mmoja, mimi ningeanza na krosova. Toa ile bodi, itazame kapasita iliyo mbele ya twita. Kazi yake ni kuzuia besi isifike juu, ikishoti au ikiwa imewekwa ya thamani kubwa kuliko ya kiwandani, twita inapokea sauti za chini ambazo haiziwezi. Niliwahi kuletewa spika kama yako, nikabadilisha diaframu nikarudisha, baada ya mwezi ikarudi, nikabadilisha tena, ikarudi tena. Mara ya tatu ndipo nikafungua bodi na kulinganisha na ile ya upande wa pili, nikakuta kuna mtu kabla yangu alishaweka kapasita kubwa karibu mara tano ya ile iliyoandikwa upande mzima. Ile siku nilijifunza kulinganisha bodi mbili kabla ya kushika bisibisi ya kufungulia honi, na wewe una bahati una upande mzima wa kulinganishia. Soma namba zilizoandikwa kwenye kila kapasita na kila resista, moja moja, kushoto na kulia.

Bodi zikiwa sawa hamia kwenye amplifaya. Badilisha upande, ya kushoto ichomeke chaneli ya kulia, lakini kabla ya kuweka twita mpya pima kwanza ile chaneli ya kushoto na mita ikiwa kwenye volti za DC, hakuna muziki. Inatakiwa isome karibu na sifuri, milivolti chache hivi. Ikisoma volti nzima nzima hiyo chaneli ni mbovu, peleka amplifaya kwa fundi, na ushukuru kwamba wufa bado ipo.

Sasa kuhusu kuungua kwa joto, maana wengine mnaosoma hapa zenu zinakufa pande zote mbili. Watu wengi wanaamini amplifaya ndogo haiwezi kuunguza spika kubwa. Inaweza, na ndiyo inayounguza sana. Muziki wa kawaida una milima na mabonde, amplifaya ya wati 300 ikipiga vizuri bila kuwasha taa nyekundu kwa wastani inatoa kama sehemu moja ya nane ya hizo, wati 37 au 38. Ukiibana mpaka taa ya klipu, ile nyekundu, inawaka muda wote ile milima inakatwa vichwa na mabonde yanapanda, wastani unafika theluthi moja, wati 100 sasa, na sauti masikioni haijaongezeka sana kwa hiyo unaongeza tena. Ikikatwa kabisa ikawa mraba, ile amplifaya inaweza kufika mara mbili ya nguvu iliyoandikwa. Twita ya spika nyingi za njia mbili inavumilia wati 30 mpaka 60 hivi kwa mfululizo, hesabu unaiona mwenyewe. Kwa hiyo ile taa nyekundu ikipepesa mara moja moja kwenye ngoma si neno, ikikaa inawaka punguza, sauti ikiwa haitoshi ongeza spika, usiongeze geini.

Na jambo la mwisho kwenye hili, spika nyingi zina taa ndogo ndani kwenye krosova kama ya gari, hiyo ni ulinzi wa twita, umeme ukizidi inawaka na kula ule uliozidi. Ikiungua twita inanyamaza wakati yenyewe ni nzima. Nimeona watu wamenunua diaframu kumbe ni kitaa. Pima taa kwanza.

SWALI: Fundi habari. Nataka kupima twita bila kufungua boksi, napima kwenye plagi ya nyuma nasoma omu 6, hiyo inamaanisha twita ni nzima? Na mbona imeandikwa omu 8?

JIBU: Hapana, hiyo uliyoisoma ni wufa peke yake. Mita inapima kwa umeme wa DC na kapasita ya krosova haipitishi DC, kwa hiyo kutokea nyuma twita haionekani kabisa, hata ikiwa imekatika vipande utasoma 6 zilezile. Lazima ufungue honi na utoe waya mmoja kwenye draiva, yaani twita yenyewe. Ukisahau kutoa huo waya mmoja utasoma kitu kama omu 1 au chini ya hapo ukadhani imeshoti, kumbe unapima koili ya krosova iliyofungwa sambamba nayo.

Hizo 6 kwa 8 ni sawa kabisa. Namba iliyoandikwa ni ukinzani wa spika ikiwa inapiga sauti, mita yako inapima waya tu, na waya wa spika ya omu 8 unasoma kati ya 5.5 na 6.5 hivi, ya omu 4 unasoma 3 na kitu, ya 16 unasoma 11 au 12. Ikisoma 2 kwenye ya 8 koili imeungua imeshikana, isiposoma chochote imekatika.

SWALI: Wufa yangu ya inchi 18 ilianguka wakati tunashusha mzigo kwenye gari. Boksi halikuvunjika ila sasa besi ikipiga kuna mkwaruzo kama karatasi ya msasa. Nimeambiwa karatasi imekufa nibadilishe yote. Ni kweli?

JIBU: Inawezekana ni kweli lakini karatasi, yaani ile koni inayosukuma hewa, siyo mshtakiwa wa kwanza kwenye spika iliyoanguka. Toa wufa kwenye boksi, ilaze chali, yaani karatasi iangalie juu, kwenye meza tulivu, zima feni zima redio, halafu weka vidole vya mikono miwili kwenye karatasi umbali sawa kutoka katikati, sukuma chini polepole kama unasukuma kitu kilicholala usitake kukiamsha, achia, sukuma tena. Weka sikio karibu. Ikishuka kimya na kupanda kimya koili iko salama na mkwaruzo wako unatoka mahali pengine. Ukisikia krrr hata kidogo koili inagusa chuma.

Ikiwa kimya, rudisha kwenye boksi upige toni moja ya chini, anza hezi 30 panda polepole mpaka 200 kwa sauti ya wastani, huku mwenzako anabonyeza sehemu moja moja kwa kiganja: wavu wa mbele, mpini, skrubu za kona, ile plagi ya nyuma, gurudumu. Utashangaa ni mara ngapi "spika mbovu" ni skrubu ya mpini iliyolegea, au kofia ya katikati ya karatasi iliyobanduka gundi upande mmoja. Hiyo kofia ukiigonga kwa ncha ya kidole inasikika tofauti pale ilipoachia.

Ikiwa inakwaruza kweli, geuza wufa utazame sumaku. Sumaku za kawaida nyeusi za ferati zimegundishwa kwa gundi kati ya mabamba mawili ya chuma, na ile ya inchi 18 ina uzito wa kutosha kuhama ikipigwa chini. Pitisha kucha pembeni kuzunguka ule mwanya kati ya sumaku na bamba, tazama kama imechungulia upande mmoja zaidi ya mwingine. Ikiwa imehama, kubadilisha karatasi ni kazi bure, koili mpya nayo itakwaruza palepale, na kurudisha sumaku katikati kunahitaji vifaa maalumu maana inavuta kwa nguvu inayoweza kukata kidole. Hapo nunua wufa nyingine, nasema kwa moyo mzito lakini ndiyo ukweli wenyewe. Angalia pia fremu, zile za bati la kukandamizwa zinapinda, weka rula ndefu juu ya mdomo wake uone mwanga unapita wapi. Fremu za alumini ya kumimina hazipindi, zinapasuka, tafuta ufa kwenye miguu yake.

Sumaku iko sawa, fremu iko sawa, koili ndiyo imepondeka au imeungua? Sasa ndiyo karatasi mpya, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hii ndiyo kazi inayoharibiwa kuliko zote.

Kata karatasi ya zamani kwa kisu ukizunguka, toa na spaida, ile nguo ya mikunjo iliyo chini. Kabla hujaanza kukwangua gundi kwenye fremu FUNIKA mwanya wa sumaku kwa teipu ya karatasi, safu mbili, kwa sababu punje moja ya gundi kavu au unga wa chuma ukiingia mle hautoki kwa kupuliza, unashikwa na sumaku unabaki kusubiri koili mpya. Ukimaliza kukwangua toa teipu, chukua teipu nyingine ikunje gundi ikiwa nje, ipitishe mle ndani kama unavyosafisha tundu la ufunguo, zungusha, itoe, itazame. Inatoka na vumbi jeusi. Kata kipande kingine rudia. Mimi sikomi mpaka vipande viwili mfululizo vimetoka vyeupe.

Koili mpya inaingia ikiwa imezungukwa ndani na vipande vyembamba vya plastiki vinavyojaza nafasi kati yake na nguzo ya sumaku, hivyo ndivyo vinavyoishika katikati wakati gundi inakauka. Plastiki zikiwa nyembamba mno koili inacheza, zikiwa nene mno inatanuka na kuwa yai. Inatakiwa ukishika koili iteleze juu na chini kwa ugumu kidogo lakini isiyumbe pembeni. Na urefu wake, hapa ndipo wengi wanakosea, koili inatakiwa ikae katikati ya mwanya, izidi kiasi sawa juu na chini, ikikaa juu sana spika inapiga kwa upole na ikikaa chini sana inagonga. Gundisha spaida, kisha shingo ya karatasi, kisha ukingo wa nje, tumia gundi ya epoksi pale koili inapokutana na shingo kwa sababu pale kuna joto na nguvu zote. Kisha iache. Saa 24 nzima. Najua mteja amesimama mlangoni, iache. Ukitoa plastiki mapema karatasi inashuka upande mmoja milimita moja tu na umepoteza kila kitu. Kofia ya katikati inafuata mwisho baada ya kujaribu kwa vidole na kwa toni ndogo.

SWALI: Fundi nina sabu, spika za besi tu, mbili zinazofanana. Nikiwasha moja besi inapiga kifua. Nikiwasha zote mbili besi inapotea, inabaki kama ya redio. Nimebadilisha waya, nimebadilisha amplifaya. Nashindwa kuelewa, mbili zinawezaje kuwa ndogo kuliko moja?

JIBU: Zinapingana. Moja ikisukuma hewa nyingine inavuta, kwa hiyo hewa haiendi popote. Mahali fulani kwenye mstari wa sabu moja chanya na hasi zimebadilishana, na waya uliobadilisha pengine haukuwa ndiyo wenyewe.

Ziweke pembeni kwa pembeni, piga toni ya hezi 50 kwa sauti ndogo, geuza nyaya mbili za sabu moja. Besi ikifufuka umepata. Sasa utafute ni wapi ili usiishi na waya mmoja "wa kinyume" ambao siku moja utachanganywa na mingine. Fungua wufa zote mbili, chukua betri ndogo ya volti 1.5, gusa kidogo tu, chanya ya betri kwenye terminali nyekundu. Karatasi inatakiwa irukie nje. Kama moja inarukia nje na nyingine ndani kuna fundi alifunga karatasi mpya akaunga nyaya kinyume. Tahadhari moja tu, wufa za zamani za JBL zilitengenezwa kinyume, chanya kwenye nyekundu inavuta ndani, ukiwa na mchanganyiko wa zamani na mpya lazima ulijue hilo. Na hii ya betri ni ya wufa peke yake, usiguse nayo twita.

Wufa zikiwa sawa tazama plagi za Speakon (zile za spika zinazofungwa kwa kuzungusha), 1+ na 1- zinageuzwa na watu wanaofunga usiku, au waya wa XLR, ule wa sauti wenye pini tatu, uliounganishwa pini ya 2 mahali pa 3. Pini ya 1 ni ya ardhi, 2 ni chanya, 3 ni hasi, mita itakwambia ndani ya dakika moja. Kuna na wengine wanaolalamika sabu haitoi sauti kabisa na kumbe sabu hiyo imeungwa kwenye 2+ na 2- ilhali waya wao una nyuzi mbili tu za 1. Soma maandishi nyuma ya boksi.

SWALI: Mimi ni dada ninayepiga muziki kwenye shughuli, nina spika zenye amplifaya ndani. Nikizichomeka na mikisa zinavuma mmmm. Kijana mmoja akaniambia nikate ile pini ya ardhi kwenye plagi, nikakata, uvumaji ukaisha. Sasa nasikia watu wanasema ni hatari, ni kweli?

JIBU: Dada yangu, ni kweli, na nakuomba kabla ya shughuli inayofuata urudishe hiyo plagi nzima. Ile pini ndiyo inayofanya fyuzi ikatike pale waya wa ndani unapogusa bati la spika. Bila hiyo bati linakaa na umeme likisubiri mtu mwenye mkono mmoja kwenye spika na mwingine kwenye maiki. Aliyekushauri alitibu sauti akaacha ugonjwa.

Uvumaji wako ni wa mzunguko wa ardhi, spika na mikisa vimepata ardhi kwenye soketi mbali mbali na waya wa sauti umeunganisha hizo mbili. Jaribu hivi, chomoa waya wa sauti kwenye spika uache spika imewashwa. Uvumaji ukinyamaza, tatizo liko nje: lisha mikisa na spika zote kutoka mstari mmoja wa umeme, tumia nyaya za XLR zenye pini tatu zinazofanya kazi kweli na siyo zile za jeki ya gitaa, na ikibidi weka kisanduku chenye transfoma ya kutenganisha kati ya mikisa na spika. Hiyo ndiyo njia ya haki ya kukata mzunguko, unaukata kwenye sauti, siyo kwenye usalama.

Ukichomoa waya wa sauti na spika bado inavuma, tena kwa mlio mkali kidogo, basi kapasita za ugavi wa umeme ndani zimechoka. Hiyo usiifungue nyumbani. Umeme wa volti 230 ukishanyooshwa unakaa kwenye zile kapasita kama volti 325, na unaweza kubaki mle baada ya kuchomoa waya ukutani. Mpe fundi anayejua kuzimaliza chaji kabla ya kugusa.

SWALI: Spika yangu inakatakata. Ikipigwa ngumi inarudi, baadaye inakata tena. Mita inasoma vizuri.

JIBU: Mita inasoma vizuri kwa sababu karatasi imetulia. Acha mita imeshikwa pale, halafu sukuma karatasi taratibu mpaka mwisho wake. Namba itacheza cheza, hiyo ni kawaida, ila ikipotea kabisa ikawa wazi basi zile nyuzi laini zilizosukwa zinazotoka terminali kwenda kwenye karatasi zimekatika ndani na zimeshikwa na kitambaa tu.

Badilisha uzi wote, tumia uzi wa spika na siyo waya wa kawaida, waya wa kawaida utakatika baada ya siku chache. Urefu uwe kama wa zamani, usivutike karatasi ikitoka na usipige karatasi ikirudi. Wakati wa kulehemu bana uzi kwa koleo jembamba karibu kabisa na unapolehemu, hilo koleo linanyonya joto na kuzuia risasi ya kulehemu isipande ndani ya uzi. Risasi ikipanda sentimita moja tu, hiyo sentimita inakuwa ngumu kama sindano na uzi utakatika pale inapoishia, ndiyo maana spika nyingi "zilizotengenezwa" zinakata tena milimita chache kutoka kwenye kiungo kipya. Na acha kuipiga ngumi tafadhali.

SWALI: Shughuli ikianza spika zangu zinalia vizuri sana, baada ya saa mbili sauti inashuka, naongeza, inarudi, inashuka tena. Asubuhi ziko sawa. Kila amplifaya ina spika nne za omu 8, mbili kila chaneli, nyaya zina urefu wa mita 20.

JIBU: Spika zako zina homa, na unaiongeza mwenyewe kila unapopandisha sauti. Wufa inageuza asilimia chache tu za umeme kuwa sauti, zinazobaki zote ni joto ndani ya koili. Shaba ikipata moto ukinzani wake unapanda kama asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya joto. Koili ikipanda nyuzi 200 juu ya ilipoanza, na zinafika huko bila kuungua, ile omu 6 inakuwa karibu 10.7. Umeme unaopita unapungua, sauti inashuka desibeli kadhaa, wewe unaongeza, joto linapanda zaidi. Masikio yanadanganywa, koili haidanganywi. Ukiona umeongeza mara ya pili na sauti haikupanda, hiyo ndiyo dalili ya kushusha kabisa kwa nyimbo mbili tatu zipoe.

Spika mbili za omu 8 sambamba zinakuwa omu 4, hapo uko salama kwenye amplifaya karibu zote. Ila angalia nyaya. Mita 20 kwenda na 20 kurudi ni mita 40 za shaba, waya wa milimita 1 ya mraba unakula karibu omu 0.7 mbele ya mzigo wa omu 4, hiyo ni nguvu unayoipasha joto sakafuni na besi inalegea. Waya wa 2.5 unakula chini ya omu 0.3. Badilisha.

Na uliza mikisa yako kama kichujio cha sauti za chini kimewashwa. Boksi lenye tundu la hewa likipewa sauti iliyo chini ya pale lilipopangwa, hewa ya ndani haiishiki tena karatasi, karatasi inarukaruka mbele na nyuma na hakuna unachosikia, joto tu na mwisho koili kugonga. Sabu nyingi zikate chini ya hezi 35 au 40, na zile za juu ukiwa unazo sabu zikate 80 mpaka 100. Hiki kitu kimoja, ambacho ni kubonyeza tu, kimeokoa karatasi nyingi kuliko mikono yangu.

SWALI: Mvua ilitunyeshea, wufa mbili zimelowa. Niziweke juani?

JIBU: Hapana, wala usitumie mashine ya kukaushia nywele. Karatasi iliyolowa ikikaushwa haraka inajikunja na koili inahama katikati. Usiwashe kabisa. Toa wufa kwenye boksi, zisimamishe wima kivulini penye upepo, siku tatu au nne, na toa ile sufi ya ndani ya boksi ikaukie nje peke yake kwa sababu hiyo ndiyo inayoficha maji. Bodi ya krosova ifute, tazama kama kuna kutu ya kijani kwenye viungo, safisha kwa spiriti. Siku ya nne fanya lile jaribio la vidole, kimya juu kimya chini, ndipo upige toni ndogo ya hezi 40 kwa dakika kumi ukisikiliza kwa karibu, na ukisikia hata mkwaruzo mdogo acha hapohapo uniandikie tena, uniambie ni upande gani wa karatasi unapobonyeza mkwaruzo unapoisha.